Siku Niliyokaa Dawati Moja na Mama Mwenye Nyumba

Vyama vilipokuwa vingi kwa mara ya kwanza, chama kipya kilinifanya wakala wa kituo kwenye uchaguzi wa ubunge. Mimi, darasa la saba, muuza mitumba wa Kariakoo. Usiku mzima nilijiona nimo bungeni, nimevaa suti. Kufika darasani tulikopigia kura, nikakuta wakala wa chama kikongwe ni mama mwenye nyumba wangu, balozi wa nyumba kumi. Tukakalishwa dawati moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mheshimiwa umependeza," akasema. "Chumba changu kimekulea vizuri."

Hapo nikaelewa. Nikimuudhi, jioni godoro langu liko nje.

Asubuhi yote sikumpinga mtu. Saa saba hivi akaingia mume wake, mzee mpole ambaye nilipougua malaria alinikanda kwa maji usiku kucha. Shahada yake ya kupigia kura ililowa mvua ilipomkuta Jangwani. Jina halionekani, namba haionekani. Msimamizi wa kituo akatugeukia mawakala.

"Kuna pingamizi?"

Chama kilikuwa kimetuonya: shahada isiyosomeka, pinga, hata awe mama yako mzazi. Mama mwenye nyumba akawa anagonga dawati kwa kalamu. Mzee akanitazama akitabasamu, kama anayengoja nimpishe apite.

"Napinga," nikasema.

"Sikusikii, kijana," akasema msimamizi.

"Napinga. Haisomeki."

Mzee akaikunja ile karatasi taratibu, akatoka. Mama alinigeuzia bega mpaka kituo kinafungwa.

Tukarudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Njiani nilikuwa tayari nafunga vitu vyangu kichwani. Tulipofika mlangoni nikajikaza.

"Mama, nisamehe. Kesho nitahama."

"Uhame uende wapi? Huyu mzee wiki nzima ananisifia mgombea wenu. Ningempinga mimi, nani angelala humu ndani leo?"

Akaingia, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Mzee alikuwa uani, redio mapajani, anasubiri matokeo. Nikaketi karibu naye. Akainuka na redio yake, akahamia upande wa pili.