Mama kageuza studio yangu kuwa stoo

Leo nilitaka kulia, nikaishia kuimba!

Nyumba yangu mpya hapa Lyamkena imeezekwa juzi. Chumba kimoja nilimwambia fundi asiweke dirisha, nirekodi muziki bila kelele za malori.

Nafika leo, mama kakijaza magunia ya mahindi.

"Chumba kisicho na dirisha si ndio stoo, mwanangu?"

"Mama, hii ni studio!"

Hapohapo nikashtuka. Jana humu sauti ilikuwa inavuma kama kwenye tangi tupu. Leo magunia yameumeza mwangwi wote!

Nikapiga makofi. Nikaimba. Safi!

Sasa namwomba asiyapeleke mahindi mashineni kusagwa mpaka nimalize albamu.

Nisaidieni kumbembeleza jamani, maana kanijibu:

"Sawa, yakae. Jioni utakula hizo nyimbo."