Nyumba Zilizotoka Katonini Zimebomoka

Jumapili baada ya misa nilipita kwa jirani yangu hapa mtaani Songo, nikakuta mpwa wake aliyetoka Ulaya ametandaza vita juu ya meza ya kulia. Ni mchezo mpya: askari wadogo kama kidole, waliopakwa rangi kwa mkono, wanapigana kwenye sayari ya mbali, miaka elfu mbele. Unarusha kete, adui anakufa. Nikiri tu, walikuwa wazuri.

"Inafanana na vita ya kweli kabisa," mpwa alisema.

"Hata miaka ile watakuwa bado wanapigana?" aliuliza mama yake mkubwa, aliyekimbia vita kule Luvungi na godoro kichwani, na sasa analala sebuleni humo.

Mpwa akacheka, akapanga nyumba katikati ya meza. Hazikuwa na mabati, na kuta zilikuwa na matundu ya risasi. "Zinatokaka hivi mu katoni," alieleza. "Askari wanajifichaka nyuma."

Mama akainama, akagonga ukuta wa plastiki kwa ukucha. "Hodi," akasema taratibu, akangoja kidogo. "Nani alikuwa anakaa humu?"

Mpwa akafungua kitabu cha sheria, kinene kama cha nyimbo za kanisa. Akatafuta kweli, kwa heshima. Bunduki zilijaza kurasa nzima, kila moja na jina lake.

"Haiko ndani, mama mukubwa."

"Najua. Hata majina ya watu wa kwetu hakuna mwenye aliandika."

Akarudi kukaa kwenye godoro lake. Nikamwambia mpwa kwamba alisema kweli: mchezo wake unafanana kabisa.