Elfu Moja na Tisa

Nikinusa mpunga mbichi, narudi jamvini kwetu kando ya Mto Tana. Mwalimu alitaka tuigawe elfu moja na tisa kwa mafungu yaliyo sawa, na ambaye angeshindwa angechapwa. Jioni, jamvini, nilipanga punje elfu moja na tisa za mpunga katika mafungu mawili, matatu, manne, sita, kisha saba; kila mara ilibaki moja.

"Mama, nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mwanangu. Hiyo ni ya ndege. Tukipanda si huwa twawaachia?" Akaitupa nje.

Asubuhi nilisimama darasani. "Yapatikana mafungu saba, mwalimu."

"Na iliyobaki?"

"Tumempa ndege."

Wenzangu wakacheka. Mwalimu aliinua kiboko, akakitazama, akakirudisha mezani. Niliketi nisijue kama nimepata au nimekosa.