Uzi Mwekundu Chini ya Kola

Kila asubuhi, kabla hajakaa, Bi Kola aliugeuza mto wa kiti chake, akaupiga makofi matatu, ndipo akaanza cherehani.

"Jamani, mto wa watu umekosa nini?" alitania Chapuchapu, jirani yake wa meza.

"Unajua wenyewe," alijibu Bi Kola, na siku ikaanza.

Kwenye karakana ile ya mashati kila fundi alikuwa na uzi wa rangi yake. Akimaliza kola, aliipiga mishono mitatu kwa chini, pasipoonekana, ili ikipinda ijulikane ni ya nani. Wa Bi Kola ulikuwa wa bluu, wa Chapuchapu mwekundu.

Chapuchapu alikuwa na mkono mwepesi kupita kiasi. Kola zake zilikaa kama mdomo wa mtu aliyenuna. Alipokuja, mgeni na tumbo la miezi saba, Bi Kola alimwonea huruma. Akafumua kola moja ya mwenzake, akaishona upya, akairudishia mishono mitatu myekundu, maana cha mtu ni cha mtu. Kesho yake akafanya tena. Mimba ikawa mtoto, mtoto akaanza shule, Bi Kola bado anafumua.

Hakuona mzigo. Alichokitaka ni kimoja tu: meza ya wanafunzi, ile ya dirishani, akae afundishe. Macho yalishaanza kuchoka, ila mikono ilijaa maarifa, naye hakutaka yamfie vidoleni.

Akaja msimamizi mpya, kijana mpole wa kuamkia kila mtu. "Mama zangu, nataka kila mmoja akue hapa. Meza ya wanafunzi nitampa mwenye kola nzuri. Sitazami sura, natazama kazi." Akatandaza mashati, akamgeukia Bi Kola. "Wewe ndiye mkongwe. Nichagulie."

Bi Kola alipitisha kidole kwenye kola moja baada ya nyingine. Akasimama penye moja iliyokaa kana kwamba imezaliwa na shati lake. "Hii."

Msimamizi akaigeuza. Uzi mwekundu.

"Na hii." Mwekundu.

"Na... hii." Mwekundu tena.

Watu wakapiga makofi. Chapuchapu hakupiga. Alimvuta Bi Kola pembeni.

"Shoga, sema basi."

"Niseme nini? Umezishona wewe?"

"Hata sijui! Siku hizi nimejifunza kwa kukutazama. Nyingine zinatoka nzuri zenyewe. Wewe unakumbuka ulizogusa?"

Bi Kola akarudi penye mashati. Alizitazama tena zile kola tatu. Zilikuwa za mkono wake. Au za mkono uliofanana na wake.

Akamwendea msimamizi. "Baba, hizi nyekundu..."

"Ndiyo, mama?"

Akisema amezishona yeye, na kama sivyo? Na kama ndivyo, si yeye mwenyewe aliyeweka alama ya mwenzake?

"Ni nzuri," akasema.

Nyumbani mumewe aliuliza, "Kwa hiyo umeshindwa na nani?"

"Na yule. Au na mimi mwenyewe. Usiniulize, hata mimi najiuliza."

Asubuhi aliugeuza mto. Kabla hajapiga kofi la kwanza, sauti ikatoka dirishani: "Shoga, njoo kidogo, hawa nawaanzishaje?"

Akaenda. Miguu ilitangulia, akili ikafuata. Alishika kitambaa, akawaonyesha mahali pa kukunja, pa kubana, pa kuachia. Wasichana wanne waliinama wakitazama vidole vyake, na kwa kitambo kile alikuwa na raha tele. Walipoelewa, wakainua vichwa, wakamgeukia Chapuchapu.

"Asante, mwalimu."

Bi Kola alirudi penye cherehani yake. Akauangalia uzi wa bluu, akauacha pale pale. Akauchukua mto, akaubana kwapani.

"Unaenda kuufua, mama?" aliuliza msimamizi mlangoni.

"Una vumbi," akajibu, na kweli ulikuwa nalo.

Nje akasimama, akaupiga makofi yake matatu. Vumbi likaruka, akapiga chafya, akavuka barabara. Kiti chake kilibaki ubao mtupu hadi saa ya kufunga, na kesho yake, na keshokutwa.