Meno Yaliyopandwa Pamoja na Mahindi

"Mama Tusekile, umesikia?" Fortunata aliniita toka ng'ambo ya ua, povu la sabuni mikononi. "Bibi Roda kapandwa meno! Daktari wa Mbeya kafukia mbegu za chuma kwenye fizi. Eti mvua zikikolea, yanaota!"

Nilicheka hadi mtoto mgongoni akacheka nami.

Bibi Roda tunamjua wote hapa kijijini Mpemba. Anachoma mahindi barabarani, malori yanapopanga foleni ya mpakani. Dereva akiuliza, "Bibi, laini hilo?" hamjibu. Anang'ata hindi mbele yake, anatafuna, anamkonyeza. Biashara imekwisha.

Halafu fizi zikaanza kutoa damu kila akipiga mswaki, naye akaona dawa ni kuuacha mswaki. Loo! Fizi zikavimba, zikaachana na meno, mawili ya mbele yakamtoka, moja ndani ya ugali. Madereva wakamtania, "Bibi, geti liko wazi, mzigo upite!" Akacheka nao, kaziba mdomo kwa kanga. Tangu hapo ile kanga haikushuka.

Nikaenda kumuuliza.

"Kweli, mwanangu," akasema. "Binti yangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ndiye kanipeleka. Kwanza wakatibu fizi, wakazisafisha hadi nikaona nyota mchana. Sasa skrubu mbili ziko ndani ya mfupa. Mfupa ukishazishika, wanaweka meno juu. Hadi Machi, ni uji."

Nikahesabu kwa vidole. Zilifukiwa Novemba, wiki ile ile tuliyopanda mahindi. Kumbe Fortunata kasema kweli bila kujua!

Mahindi yakafika magotini, Bibi Roda yuko kwenye uji. Yakatoa ndevu, bado uji, na mswaki asubuhi na jioni. Tusekile wangu akaota jino la chini. "Umenipita, mchokozi wewe!" Bibi akamwambia.

Jana karudi kutoka Mbeya na meno mawili, meupe, na ruhusa ya daktari ya kutafuna. Leo hindi la kwanza limeiva kwenye jiko lake barabarani. Lori likasimama, dereva akachomoza kichwa.

"Bibi, laini hilo?"

Bibi akashusha kanga, akaliinua hindi. Likafika midomoni, likarudi. Akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, kinga kiganja hapa chini ya kidevu. Yakidondoka yadake, na usimwambie Fortunata."