Maumivu Aliyoambiwa Ni ya Kila Mwanamke

Tangu avunje ungo akiwa na miaka kumi na mitatu, Nthatisi, Msotho wa mji wa Mafeteng, aliugua siku nne kila mwezi. Alijikunja sakafuni akiuma pindo la blanketi asisikike. Mama yake, Mamotlatsi, alimpa maji ya moto na neno lisilobadilika: kila mwanamke hupitia hayo, anayelia anadeka.

Akaamini. Katika kiwanda cha suruali za jinzi katika mji mkuu, alikokuwa akishona zipu, alizoea kukaa kwenye cherehani huku jasho baridi likimtiririka. Zahanatini walimpa panado, vidonge vya kutuliza maumivu, mwaka nenda mwaka rudi. Muuguzi mmoja alimhakikishia kwamba akizaa yatakwisha.

Alipoolewa, wakweze walimpa jina kama ilivyo desturi: Mathabang, mama wa Thabang, mtoto atakayekuja. Thabang hakuja. Miaka kumi na minne, msibani na harusini, aliitwa mama wa mtu ambaye hayupo. Mumewe, Tefo, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo ya mpaka, akazaa huko na mwanamke mwingine.

"Shamba lisipoota, wifi, mkulima huhamisha mbegu," dada yake Tefo alimwambia, eti anamtania.

Akiwa na miaka thelathini na saba alizimia kazini. Alipasuliwa, na alipozinduka daktari Keneuoe, mama wa makamo, aliketi kando ya kitanda chake. Akamweleza kwamba nyama kama ile inayotanda ndani ya mji wa mimba ilikuwa imeota nje yake, ikagandamana na matumbo na kuziba mirija. Ilikuwa humo miaka zaidi ya ishirini.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Nilipokuwa nasoma, kitabu kilisema wanawake weusi hawaugui ugonjwa huu. Hakuna aliyekuwa amewachunguza, mdogo wangu. Waliandika tu, na sisi tukakariri."

Hilo lilimuuma, ila walioandika hakuwajua. Alimjua mama yake. Alikwenda kwake kuuguza kidonda, na alipomsimulia, Mamotlatsi aliacha kuchambua mboga. Akasema taratibu kwamba hata yeye alikuwa hivyo, na mama yake kabla yake. Ndiyo sababu baada ya Nthatisi hakupata mwingine.

"Kwa hiyo ulijua, mama."

"Nilijua kuna kitu. Jina lake sikulijua. Ningesema, nani angekuoa, mwanangu?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hapa aliyeficha ni mama, asiyezaa ni binti. Nthatisi alikunja nguo zake akaondoka, nyuzi za kidonda zikiwa bado hazijatolewa.

Mwaka uliofuata daktari Keneuoe alianza utafiti, akitafuta wanawake wa kueleza maumivu yao na kutoa damu ipimwe. Nthatisi alijiandikisha wa kwanza, kwa sharti kwamba majibu wasomewe wanawake wenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote, tena kwa Kisotho. Kiwandani aliwashawishi wenzake kumi na tisa. Watafiti walipotaka na ndugu wa damu, alimtumia mama yake salamu kupitia jirani.

Mamotlatsi alikuja. Alijibu kila swali, hata yale ambayo hakuwahi kumwambia mumewe, bintiye akiwa kiti cha pili anasikiliza. Walipotoka nje alimshika Nthatisi mkono akamwomba radhi. Nthatisi hakuuondoa mkono wake, lakini alimwongoza tu hadi kituoni. Gari la Mafeteng lilipofika, alimpandisha mama yake, akabaki kituoni.