Ngazi ya Daraja Zima

"Ombi la Kuazima Ngazi kwa Uchunguzi wa Upande wa Chini wa Daraja." Hicho ndicho kilichokuwa kichwa cha barua mezani, katika ofisi moja ya ujenzi hapa Voi, nami nikiwa kwenye benchi nangoja zamu yangu. Mwenye barua, kijana wa Werugha aliyerudi na digrii, amesomea jambo moja tu: daraja hugharimu kiasi gani tangu lijengwe hadi libomolewe. Kapewa kazi ya utafiti, na kazi yenyewe itafungwa asipoleta vipimo kabla ya masika.

"Daraja lina kasoro?" afisa akauliza, akikoroga chai.

"Bado, mzee. Nataka kuona kutu inaanzia wapi, tujue kulitunza kutagharimu nini."

"Ngazi ni ya madaraja yaliyoharibika. Hilo ni zima."

"Mzee, rangi ya leo ni rahisi kuliko daraja jipya la kesho."

"Basi likianguka, njoo. Ngazi utapewa siku hiyo hiyo." Akafunika kikombe kwa kisahani, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Ngazi ilikuwa nyuma yake, imeegemezwa ukutani, imeanikiwa taulo.

Ajabu yetu ni hii: ng'ombe tunamwogesha dawa kabla hajaugua, lakini daraja tunalingoja lifariki ndipo tulipime mapigo ya moyo.

Masika yalinyesha, kazi ikafungwa. Kijana sasa anafundisha hesabu Mwatate, na ngazi bado inaanikiwa taulo.